Masikio ya Propela ya Thelma Wragg

Bwana Pargeter, msimamizi wa huduma kwa wateja katika kampuni iliyomuuzia Thelma Wragg vipande vya gari, alikataa kuzungumza na Thelma Wragg kuhusu propela ambayo Thelma Wragg alikuwa ameifunga kwa mikono yake mwenyewe. Aliomba apewe mume. Aliomba kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayoniudhi hadi leo, kwa sababu dhuluma inayokuja na tusi mtu huijibu papo hapo, ilhali ile inayokuja na "tafadhali" humwacha mtu ameshika simu akitafuta la kusema.

Mume huyo, Desmond Wragg, hajawahi kuwa na leseni ya udereva. Anaogopa magari. Akipanda basi hukaa kiti cha mbele kabisa ili amwangalie dereva kwa karibu. Alifanya kazi ya kuoka mikate hadi alipostaafu, na sasa anafuga njiwa wa mashindano nyuma ya nyumba. Kuhusu propela alikuwa anajua jambo moja, kwamba imo ndani ya gari mahali fulani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari, propela ni ule mhimili wa chuma ulio mrefu kama mguu wa mtu mzima, unaopita katikati ya gari na kuchukua nguvu kutoka giaboksi mbele na kuipeleka kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ili magurudumu yazunguke. Kila mwisho wake una krosi, yaani kiungo kinachouwezesha kupinda kidogo huku ukizunguka, na kila krosi imeshikwa na masikio mawili ya chuma yaliyo kwenye mhimili wenyewe. Mkosi wote ninaousimulia ulitoka kwenye masikio hayo.

Thelma alifanya kazi ya soksi hapa Belper, mji wetu mdogo wa Uingereza, tangu alipomaliza shule hadi kiwanda kilipofungwa. Alisimamia safu ya mashine zilizofuma soksi ndefu za wanawake. Mashine ikikwama, sheria ilikuwa moja: mwanamke azime, ainue mkono, asubiri fundi. Fundi alikuwa mwanamume siku zote. Akifika, alikuwa akisema, "Sogea kando, bata," kisha anafungua kifuniko, anafanya jambo akiwa amempa mgongo, na kukifunga tena. (Huku kwetu Derbyshire mtu akikuita bata hakutukani. Mwenye duka humwita mteja bata, na mchimba makaburi humwita padri bata.) Thelma alilipwa kwa idadi ya soksi, kwa hiyo wakati wa kusubiri alikuwa hapati kitu. Hilo lilimkera. Lakini lililomkera zaidi, kama alivyonieleza siku moja tukiwa tumesimama nje ya gereji zetu zinazotazamana, ni kwamba alikaa mbele ya mashine zile nusu ya umri wake na hakuwahi kuona ndani.

"Nataka mashine moja tu," aliniambia, "ambayo nimeifungua mimi, na hakuna mtu wa kuniambia nisogee kando."

Wapo watu ambao wakistaafu huomba bustani. Thelma aliagiza gari la kujiundia, la viti viwili, lisilo na paa wala milango, lenye boneti ndefu kama jeneza. Kampuni huleta fremu, mabati na vifaa vipya. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma mnunuzi hujitafutia. Yeye alivitoa kwenye gari kuukuu la jirani ambalo lilikuwa limegeuka makazi ya kuku. Alilijenga katika gereji yake kwa majira mawili ya baridi, amevaa koti la Desmond la kuokea mikate, lenye vifungo viwili mbele na unga usiotoka mifukoni.

Kampuni ilimpa kitabu cha maelekezo. Nimekisoma. Kina kurasa mbili nzima, zenye picha, za kueleza jinsi ya kubandika nembo ya kampuni kwenye pua ya gari: safisha kwa kitambaa kisicho na manyoya, pima kwa rula, bonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukifika kwenye propela, chuma kinachozunguka kwa kasi ya kutisha mkabala na nyonga ya dereva, kitabu kina sentensi moja. Sentensi yenyewe ni hii: "Funga propela kwa namna ya kawaida."

Namna ya kawaida ya nani? Wenzetu hawa Waingereza wana tabia ambayo nimeishi nayo miaka mingi na bado sijaizoea. Mtu akiambiwa kwamba jambo ni la kawaida, hawezi tena kuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kukiri kwamba yeye si wa kawaida. Afadhali wapotee njia katika mji waliozaliwa kuliko kumuuliza mtu. Thelma ni mmoja wao. Aliisoma sentensi ile, akaitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa.

Propela yenyewe ilikuja katika vifurushi viwili, maana ikiwa nzima ni ndefu mno kwa mbeba vifurushi. Nusu moja ina meno marefu yaliyonyooka kama nyuzi, na nusu ya pili ni bomba lenye mifereji ya kuyapokea meno hayo. Unapaka grisi, unasukuma, zinaingiana. Tatizo ni kwamba zinaingiana vyovyote utakavyozigeuza. Hakukuwa na alama ya rangi, wala mshale, wala mkwaruzo wa msumari wa kusema sikio hili litazame pale. Thelma alipaka grisi, akasukuma, zikaingia kwa sauti nzuri ya kufyonza. Masikio ya mbele yalisimama wima. Ya nyuma yalilala ubavu.

Siku ya kuifunga alikuja kumshikia taa Bernard Cotterill, mwenyekiti wa chama cha wajenzi wa magari ya aina hii, mzee mpole ambaye amejenga manne na kuyauza matatu. Nilikuwapo kwa sababu nilifuata ngazi yangu. Thelma alikuwa chali chini ya gari, limeinuliwa juu ya stendi nne, ni miguu tu iliyoonekana.

"Taa kushoto kidogo, Bernard."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Inakwenda. Sukuma... imeingia giaboksi! Unaona?"

Bernard alichuchumaa akaangalia. Akakaa hivyo kwa kitambo. Akakohoa.

"Linaendelea vizuri, bata," alisema.

"Bolti za nyuma nazo zimekaa sawa?"

"Bolti zimekaa sawa kabisa," alisema Bernard, na neno "bolti" alilitamka kwa uzito ambao hakuna kati yetu aliyeutilia maanani. Kisha akauliza kama kuna chai.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuacha neno lolote kuhusu mwenye macho ambaye ametazama, ameona, na anaomba chai.

Gari la namna hii haliruhusiwi kutembea barabarani, ila kwa safari ya kwenda kukaguliwa, mpaka likaguliwe na serikali. Thelma alipangiwa asubuhi ya Jumanne, akalipeleka mwenyewe, kofia ya sufu kichwani na miwani ya kuogelea machoni kwa kuwa kioo cha mbele kilikuwa kifupi. Katika mitaa ya Belper, ambako huwezi kwenda haraka kwa sababu ya wazee na kona, gari lilikwenda kama siagi. Alipotoka kwenye barabara kuu na kuongeza mwendo, likaanza kutetemeka. Lilianza kwenye kiti, likapanda kwenye usukani, likafika kwenye meno yake. Kioo cha pembeni kilijigeuza chenyewe kikamwonyesha anga. Alipunguza, likatulia. Aliongeza, likarudi. Alisafiri hivyo hadi kituoni, nyuma yake kukiwa na msururu wa malori ambayo madereva wake, kwa kuwa ni watu wa hapa, hawakupiga honi hata moja, bali walimchukia kimyakimya.

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki. Nasema hivyo kwa sababu mimi si wa kulaumu kila aliyevaa sare. Alipima breki, akapima taa, akapima kila kona ya bati kwa kidole kuona kama itamkata mtu. Alisifu waya zilivyopangwa. Kisha akaliendesha kwenye uwanja wa kituo, akarudi, akazima, akabaki ameketi, mikono juu ya usukani.

"Gari lako lina homa," alisema.

"Nimeona. Ni nini?"

"Linatetemeka. Na bolti moja ya propela huko nyuma imeshaanza kulegea kwa kutikiswa. Siwezi kulipitisha."

"Sawa, lakini linatetemeka kwa nini?"

"Kazi yangu ni kusema linatetemeka, bata. Kusema kwa nini hairuhusiwi. Nikikuambia, kesho ukapata ajali, utasema ni mimi niliyekuambia."

Akasema samahani. Thelma naye akasema samahani. Desturi ni kwamba anayeumizwa na anayeumiza wote huomba radhi, ili asijulikane nani ni nani. Bernard alikuja na trela yake, wakalipandisha gari, wakalifunga kamba. Njia nzima alizungumzia hali ya hewa.

Kesho yake asubuhi Thelma alipiga simu kwa kampuni. Simu ya nyumba yao iko ukumbini karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimepeleka sahani yao ya pai. Nilisikia sehemu yake yote, na sauti ya Bwana Pargeter nayo ilikuwa ya kujiamini kiasi kwamba ilitoka nje ya simu.

"Habari za asubuhi. Naitwa Thelma Wragg. Nilinunua gari kwenu, na propela inatetemeka."

"Ooh, pole sana, bibie. Mzee yupo hapo karibu?"

"Mzee yupi?"

"Bwana Wragg."

"Yupo. Analisha njiwa."

"Ningeshukuru nikipata neno naye. Hili suala lina ufundi ufundi ndani yake, sipendi kukuchosha."

"Sijachoka. Gari ni langu. Nimelijenga mimi, nimefunga mimi hiyo propela."

"Bila shaka, bila shaka, na hongera sana. Lakini yeye ndiye nitakayeelewana naye haraka zaidi. Tafadhali."

Thelma aliishusha simu kifuani. Niliona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeinua mkono karibu na mashine iliyozimwa.

"Desmond!" aliita. "Njoo, kuna mtu anataka kuongea na wewe kuhusu propela."

"Mimi?" Sauti ilitoka bandani. "Nimefanya nini?"

Alikuja na mtama kiganjani, akaupokea mkono wa simu kwa mkono uliobaki.

"Naam... Ndiye mimi... Ndiyo, inatetemeka, wananiambia." Akafunika simu. "Anauliza nilipima urefu gari likiwa limekanyaga chini au likiwa limening'inia."

"Likiwa limekanyaga chini. Mwambie nimepima mimi."

"Limekanyaga chini, amepima yeye... Anasema vizuri sana, Bwana Wragg."

"Mwambie si wewe."

"Anasema si mimi... Anacheka. Anauliza kama grisi niliweka."

"Niliweka!"

"Aliweka." Desmond alisikiliza kwa muda mrefu, nyusi zikipanda. Akafunika simu tena. "Thelma, anasema sisi wanaume tunaelewa kwamba masikio lazima yatazame upande mmoja, ni jambo la kawaida, kila mtu analijua."

"Masikio ya nani?"

"Hakusema."

"Muulize."

"Masikio ya nani, bwana?... Ya propela. Ya mbele na ya nyuma. Anasema kama yamepishana, basi kila mzunguko mmoja unasukuma na mwingine unavuta, gari zima linatikisika. Anasema anashangaa sikujua."

Thelma alisimama kidogo akiyageuza yale masikio kichwani. Kisha akatoka vile vile na ndara za manyoya miguuni, akavuka uchochoro, nikasikia mlango wa gereji ukiinuka.

Bwana Pargeter hakuwa amemaliza. Alimweleza Desmond kwamba njia safi ni kulipeleka gari kiwandani, vijana wake walifungue na walifunge upya, na hati ya gari iseme limekamilishwa na kampuni, ili pasiwe na wasiwasi wowote siku ya ukaguzi. Alisema ni bure. Alisema ni heshima kwa mteja. Desmond alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu ambaye hajawahi kumkatiza hata muuza bima.

"Bwana," alisema, "mimi ni mwoka mikate. Mwenye gari ameshaondoka, ameenda kulala chini yake."

Akaikata simu. Akaniangalia. Akaniambia kwamba hajawahi kumkatia mtu simu maisha yake yote, na kwamba angependa kukaa kidogo. Nilimletea kiti. Mtama ulikuwa umemwagika ukumbini kote.

Thelma alikuta ni kweli. Mbele wima, nyuma ubavu, robo duara kamili, kama mume na mke waliolala wamegombana. Alikaa chini ya gari kwa muda, akiyatazama. Aliniambia baadaye kwamba hakukasirika kwa kukosea. Kukosea ni sehemu ya kufungua kifuniko. Alikasirika kwa sababu jibu lilikuwapo duniani muda wote, lilikuwa fupi, na lilikabidhiwa kwa mtu aliyeshika mtama.

Kisha akakumbuka taa.

Jumapili chama kilikutana kama kawaida katika uwanja wa baa ya Ng'ombe Mwekundu, magari yamepangwa mstari, watu wakipita na vikombe wakisifu rangi. Thelma alikuja kwa miguu. Alimkuta Bernard karibu na gari lake akila kipande cha pai ya nguruwe.

"Bernard. Siku ile uliponishikia taa, uliyaona masikio?"

"Masikio yapi, bata?"

"Bernard."

Akameza. "Niliyaona."

"Yalikuwaje?"

"Yalikuwa... yamepishana kidogo."

"Kidogo?"

"Robo duara."

"Ukasemaje?"

"Nilisema linaendelea vizuri." Alitafuta mahali pa kuiweka ile pai, akakosa, akaishika. "Gari ni la mtu, Thelma. Huwezi kuinuka tu ukamtia mtu kidole kwenye gari lake. Na nilisema bolti zimekaa sawa. Nilisema bolti. Nilidhani utagundua kwamba sijasema propela."

"Nigundue kwa ulichokiacha?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Ningekuwa mwanamume ungeniambia?"

Bernard alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, nampa haki yake. "Nisingekuambia. Kaka yangu aliendesha wiki nzima nati za gurudumu zikiwa zimekazwa kwa vidole tu. Nilimsalimia kila siku."

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa na maradhi mawili, na kwamba yanafanana tu kwa nje. Pargeter alinyamaza kwa sababu Thelma ni mwanamke. Bernard alinyamaza kwa sababu Thelma ni mtu. Kwa aliye chini ya gari tofauti hiyo ni ndogo sana.

"Mimi pia niliona," alisema Maurice Tunnicliffe, mweka hazina, aliyekuwa amesimama akijifanya anafuta kioo. "Kwenye zile picha ulizoleta mwezi ule. Nikajisemea, labda anajua jambo tusilolijua."

"Nilidhani ni mtindo mpya," sauti ilisema nyuma yake.

Ikawa kwamba waliona karibu wote. Mmoja alikuwa amemwambia mkewe. Chama kizima kilikuwa kimeishi na habari hiyo majira yote ya baridi, kama familia inavyoishi na shangazi mlevi.

Walijuta, sikatai. Papo hapo wakajitolea: Jumamosi watakuja wote, na zana zao, na jeki kubwa ya Maurice, walifungue na kulifunga wao, Thelma apumzike tu na kutia chai. Ilitoka moyoni. Na ilikuwa ni kifuniko kile kile, na migongo ile ile. Kama angekubali, gari lingepita ukaguzi, na lingekuwa gari lao.

"Njooni," alisema Thelma. "Nitashika spana mimi. Nyinyi mtashika taa, na mtasema. Kila mnachokiona mtakisema, kwa sauti, wakati nakifanya. Atakayesema linaendelea vizuri aende nyumbani."

Walikuja Jumamosi mchana, wakasimama kuizunguka gereji kama watu waliofika kuutazama mwili wa marehemu. Thelma aliingia chini. Alifungua bolti nne za nyuma, akaishusha propela, akaichomoa kwenye giaboksi, na mafuta ya gia yakamfuata hadi kwenye nywele.

Wote waliyatazama mafuta.

"Semeni!" ilisema miguu.

"Mafuta," alisema Maurice, kwa shida. "Yanamwagika."

"Nimeyasikia. Nifanye nini?"

"Mfuko... Ziba kwa mfuko wa mkate. Ufunge na raba."

Desmond, aliyekuwa amesimama mbali na gari kwa usalama wake, alikimbilia nyumbani akarudi na mifuko sita. Mmoja ulitosha. Thelma aliziba, akatoka, akaketi kwenye sakafu na propela mapajani. Aliivuta nusu moja mpaka meno yakaachana, akaigeuza, akaanza kuirudisha. Masikio yalikuwa karibu yatazamane. Niliona Bernard akipumua kwa pua. Alifungua mdomo, akaufunga. Uso ukawa mwekundu.

"Jino moja," alisema hatimaye. "Bado jino moja. Kulia kwako."

Thelma alirudisha nyuma, akasogeza jino moja kulia, akasukuma. Masikio yote manne yakalala sambamba, sawa kabisa.

"Asante, Bernard."

"Hakuna neno," alisema Bernard, na ikabidi aletewe ndoo akae.

Baada ya hapo hawakuzuilika. Walimwambia bolti mpya akaze kwa mpishano na si kwa kufuatana. Walimwambia nati zilizokwisha kufunguliwa asizirudishe, kwa maana ile plastiki ya ndani haishiki mara ya pili. Hayo yalimsaidia. Waliendelea kumwambia kwamba kiti kimekaa juu mno, kwamba rangi ile ya kijani haimpendezi, kwamba taa ya kushoto imezidi ya kulia kwa upana wa unywele, na Maurice akamwambia Bernard jambo kuhusu gari la Bernard ambalo alikuwa amelihifadhi kwa miaka kumi na moja. Wakagombana hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo mikutano ya Jumapili haivumiliki, na hakuna gari la chama lililokataliwa kwenye ukaguzi.

La Thelma lilipita. Mkaguzi yule yule aliliendesha, akalirudisha, akasema homa imeshuka. Siku ya kulitembeza kwa mara ya kwanza baada ya hapo, Desmond alikubali kupanda, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alifumba macho kutoka Belper hadi Ambergate, akishikilia mlango ambao haupo. Kwenye barabara ile iliyonyooka kando ya mto Thelma aliongeza mwendo kupita pale ambapo lilikuwa likianza kutetemeka, akasubiri, na kilichotetemeka kilikuwa Desmond peke yake.

Ningeweza kuishia hapo, na wapo watakaosema niishie hapo, maana mambo yamekwisha vizuri. Hayajakwisha. Majira yaliyofuata alikuja mkutanoni kwetu mgeni kutoka Lincolnshire, muuguzi aitwaye Ottilie Brackenbury, mwenye gari la kampuni ile ile. Propela yake ilikuja katika vifurushi viwili. Haikuwa na alama. Kitabu chake kilisema kwa namna ya kawaida. Zilipokatika bolti za nyuma, propela ilidondokea barabarani na kulipiga gari teke, likavuka ua na kuingia kwenye shamba la kabichi. Barabara ilikuwa tupu. Muuguzi alivunjika mfupa wa bega. Alipopiga simu aliulizwa kama kuna mzee nyumbani. Hakuna, anaishi na mama yake.

Kwa hiyo, Bwana Pargeter, nakuandikia wewe na wenye kampuni. Mnayo majina ya wote waliopokea vifurushi vile. Mliwatumia kadi za Krismasi. Waandikieni leo. Waambieni wazi kwamba masikio ya mbele na ya nyuma lazima yatazame upande mmoja, na wasiliendeshe gari hadi wamelala chini na kuangalia. Zile zilizobaki stoo zitieni alama ya rangi kabla hazijatoka, na ule ukurasa wa propela uandikeni upya na mtu ambaye amewahi kuifunga. Barua ziende kwa walionunua, kwa majina yao wenyewe. Na simu ikilia, mzungumze na aliyeipiga. Mmekwisha kuonywa mara mbili na wanawake wawili. Mfupa wa pili ukivunjika, hamtaweza kusema kwamba hamkujua, na sisi wa Belper tumejifunza kusema tulichokiona.